Barua Zilizopitia kwa Sheha

Miaka sita Bi Shamima, muuguzi, alikuwa akiomba kitengo. Aliomba kwa mdomo, akaomba kwa barua, akaomba hata kwenye harusi ya binti wa daktari mkuu, bwana wa watu ana sahani ya biriani mkononi na hana pa kukimbilia. Wagonjwa wake wa virusi walikuwa sitini na tatu, na wote aliwahudumia katika Chumba Namba Saba, mwisho wa ukumbi wa wagonjwa wa nje, chumba ambacho humo humo hupimwa presha, hupigwa sindano na kufungwa vidonda. Dawa za virusi zilikaa kabatini, nyuma ya mabunda ya pamba. Pa kuzungumza na mtu hapakuwapo. Mtu alilia huku mwengine amenyoosha mguu anasafishwa donda. Hilo ndilo lililomuudhi Bi Shamima, na ndilo aliloliombea kitengo.

Uzuri wa Chumba Namba Saba ulikuwa mmoja tu: hapakuwa na aliyejua umefuata nini. Ukionekana kwenye benchi lake, una presha. Ukionekana kila mwezi, basi presha yako kubwa, pole. Na Pemba hii, ambako ukinunua samaki Mkoani huku nyumbani washajua utampika kwa nazi au kwa ndimu, benchi la namna hiyo ni neema kubwa.

Pesa zilipopatikana, hospitali ikamkabidhi kazi Bwana Mabruki, katibu wake. Mabruki si mtu mbaya, na balaa lilianzia hapo, maana mtu mbaya watu humtahadhari. Mabruki ni mtu wa utaratibu. Mfukoni ana kalamu mbili, ya buluu na nyekundu, na muhuri hauachi ofisini, anatembea nao kama wengine wanavyotembea na tasbihi.

Jengo lilipomalizika, ndani Bi Shamima hakuwa na la kusema. Palikuwa na chumba cha mazungumzo chenye mlango unaofunga, friji la dawa, na mashine ya kupimia wingi wa virusi, yeye aliyezoea damu kusafirishwa Unguja na majibu kurudi siku yanayopenda. Alikigusa kila kitu kwa mkono wake, machozi yakamlenga. Kisha akatoka nje, na machozi yakakauka papo hapo.

Jengo lilikuwa peke yake, mbali na mengine, na geti lake peke yake, na geti limeielekea barabara ya Wesha, mkabala na kituo cha gari za abiria. Baraza ya kusubiria haikuwa na ukuta. Anayeshuka garini, anayeuza machungwa, anayepita na baskeli, wote wanatazamana na benchi uso kwa uso. Na juu ya mlango lilitundikwa bango la bati, refu kuliko kitanda, limeandikwa kwa rangi nyekundu: KITENGO MAALUMU CHA VVU NA UKIMWI.

"Bwana Mabruki," aliuliza, "huu mlango au jukwaa?"

"Waliotoa pesa wanataka ionekane, Bi Shamima."

"Ionekane nyumba au waonekane watu?"

"Watu waache haya. Mficha maradhi kifo humuumbua."

"Hawakuficha maradhi. Wamenambia miye, ndo maana wahai. Wanayemficha ni jirani, na jirani hatoi dawa."

Mabruki akacheka, akasema bango litafunikwa kitambaa mpaka siku ya ufunguzi, utadhani hilo ndilo alilolalamikiwa. Wiki ya pili yake akampeleka Bi Shamima semina Unguja, siku tatu, juu ya kutunza siri za mgonjwa. Usicheke. Alikula wali wa semina, akapewa mkoba wa semina wenye maandishi ya siri ya mgonjwa ubavuni, na Ijumaa jioni akashuka bandarini Mkoani amechoka, hajui kwamba siku zile zile tatu nyuma yake moto ulikuwa ukiwashwa.

Jumamosi asubuhi Mwanawema alipiga hodi. Huyu ni mkaazi wa shehia ya Mtondooni, mtengenezaji wa mikate ya mofa, na mikate yake husifiwa mpaka skuli ikawa haifunguliwi vizuri asipofika na kapu lake. Alikuwa na mimba ya miezi saba. Yeye na mumewe Suhaib, mwashi, walikuwa wakimeza vidonge mwaka wa nne sasa, na duniani waliojua ni watatu: wao wawili na Bi Shamima. Siri ya mtungi aijuaye kata. Vipimo vyake vya mwisho vilikuwa vizuri kiasi cha Bi Shamima kumwambia mtoto atazaliwa salama, kwa sharti moja, asiruke kidonge hata siku moja.

Siku hiyo alikuja buibui kalivaa ndani nje.

"Bi Shamima, jina langu limesomwa msikitini."

"Limesomwa na nani?"

"Sheha Ngwali. Jana, baada ya sala ya Ijumaa. Kasimama na barua ya hospitali, kasoma majina matano ya shehia yetu. Langu la pili, la Suhaib la tatu, na Suhaib mwenyewe kaketi safu ya mbele."

Akatoa simu. Barua ilikuwa imeshapigwa picha na imeshazunguka simu zote za Mtondooni. Bi Shamima akaisoma. *Kwa Sheha. Tafadhali wajulishe wananchi wako wafuatao wafike Kitengo Maalumu, Jumatatu, saa mbili asubuhi, kwa ajili ya uhamisho wa mafaili yao.* Chini yake majina matano, na chini ya majina saini ya Mabruki kwa kalamu ya buluu na muhuri umekaa sawasawa, haukupinda hata kidogo.

Na huku kwetu jambo la serikali halimfikii mtu ila kwa sheha. Unataka kitambulisho, nenda kwa sheha. Unataka kujenga, sheha. Vyandarua, mbegu, chanjo, yote sheha. Na orodha ya majina ikifika kwa sheha, watu wanaijua maana yake, na maana yake ni moja: msaada umekuja. Kwa hiyo Ijumaa ile Mtondooni hapana aliyefikiria maradhi. Walifikiria mchele.

"Watu wananipa hongera," Mwanawema alisema. "Na jirani yangu Bi Time kaninunia tangu jana. Ati miye nna mume fundi na biashara ya mikate, n'andikwe. Yeye mjane wa wana wanne, aachwe! Kenda kwa sheha kudai, yeye na wenziwe tele. Jumatatu waja wote. Sheha kakodi gari, kasema haki haiombwi, atawaleta mwenyewe."

Bi Shamima nusura acheke. Kisha akakumbuka Jumatatu kuna nini. Kuna mgeni rasmi. Kuna kamba. Kuna kitambaa cha kijani, na nyuma ya kitambaa kuna bango.

"Umeona sasa," Mwanawema alisema. "Majina washayasikia. Kilichobaki kusoma ni lile bango. Wakishalisoma, n'nani atakula mkate uliopita mkononi mwangu? Vidonge nnavyo vya siku nne. Mkilifunua, Bi Shamima, miye sitokanyaga pale, wala Namba Saba, wala popote. Na huyu," akaweka mkono tumboni, "Mungu atamjua."

"Usiseme hivyo."

"Nseme vipi? Nambie miye nseme vipi."

Bi Shamima akamgeuzia buibui lake, akamtoa kwa mlango wa uani, akavaa viatu.

Mabruki alikuwa ofisini, Jumamosi na yote, akisimamia viti vya ufunguzi. Alimkaribisha vizuri. Hilo nalo lilimtia hasira.

"Majina umeyapata wapi?"

"Kabatini mwako. Nna ufunguo wa akiba. Daftari ni mali ya hospitali, Bi Shamima."

"Daftari, sawa. Na watu waliomo, mali ya nani?"

"Taratibu basi. Tungewahamishaje bila kuwaita? Na wananchi huitwa kupitia kwa sheha, mimi sikuanza leo, wala si mimi niliyeuweka utaratibu." Akaisogeza nakala mbele yake, na kwa kweli alikuwa na fahari nayo. "Tena nimeiandika kwa uangalifu. Soma. Ugonjwa sikuutaja. Neno la ugonjwa limo humo?"

"Halimo."

"Basi?"

"Limo kwenye bango! Umewasomesha watu majina Ijumaa, na Jumatatu unawafunulia maana yake! Mabruki, hata mchawi hafanyi hesabu nzuri kama hiyo!"

Mabruki alikuwa ameelewa, Bi Shamima aliona kwa macho yake kwamba ameelewa. Mtu akishaelewa hutazamiwa aone haya, ainuke, afanye jambo. Mabruki alitazama ratiba ukutani. Mgeni rasmi keshathibitisha, alisema. Ratiba imeshapigwa muhuri. Bango limo kwenye ratiba, saa nne kamili. Na watu husema siku mbili tu, ya tatu husahau.

Siku mbili! Mtu aliyezaliwa kisiwani humu, anayejua kwamba mpaka leo kuna ukoo unaitwa kwa jina la mbuzi aliyeibwa na babu wa babu yao, anakwambia siku mbili. Bi Shamima alitoka bila ya kuaga. Njiani hasira zilimchemka hata akapita nyumbani kwake bila kujijua, akafika sokoni, akasimama mbele ya mafungu ya muhogo hajui amefuata nini. Alikuwa na hasira na Mabruki, ana hasira na muhuri wake, na zaidi ana hasira na nafsi yake, kwa sababu kitengo kile alikiomba yeye.

Hapo hapo sokoni akampigia simu Mjaka, dereva wa gari ya wagonjwa.

Jumapili, mlinzi alipokwenda msikitini kusali adhuhuri, Mjaka alifika na ngazi. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza spana namba ngapi. Alipanda, akaingiza mikono chini ya kitambaa, akafungua nati moja moja, na lile bango likateremka likiwa zito kweli kweli.

"Hili lenda wapi, Bi Shamima?"

"Bandani kwangu. Kwa kuku."

Walililaza kwenye machela, wakalifunika shuka mpaka kichwani, na Mjaka akalipeleka garini taratibu, mlango wa nyuma wazi kwa urefu wake, na njiani watu walipisha na mzee mmoja akainua mikono kumuombea marehemu. Bi Shamima alibaki juu ya ngazi na kibao cha zamani cha mbao, kile cha mlangoni kwake, kilichofifia rangi kwa kufutwa vumbi miaka yote hiyo. Alikifunga kwa waya. Akakirudisha kitambaa cha kijani mahali pake, akakinyoosha vizuri, na mlinzi aliporudi alimkuta anafagia baraza.

Jumatatu gari ya Sheha Ngwali iliingia saa mbili kasoro, na walioteremka walikuwa thelathini na saba. Sheha alitangulia na barua mkononi, koti kalipiga pasi. Kutoka shehia nyengine walikuja wengine, maana masheha wengine nao walisoma, au walibandika ukutani, na kila palipokuwa na majina matano palitoka watu ishirini wenye kinyongo. Viti havikutosha. Bi Time alisimama mbele kabisa, mikono kiunoni, anamwambia kila mtu kwamba yeye hakuja kuomba, amekuja kuuliza tu. Nyuma yake, hatua mbili, kasimama Mwanawema. Alikuja kwa kuwa kijiji kizima kilikuja, na kutokuja ndiko kungemfichua. Macho yake hayakutoka kwenye kitambaa.

Zikasomwa risala, na zote zikasema "kitengo" tu, jina lenyewe likiachiwa bango. Ikasomwa dua. Saa nne kamili, kwa mujibu wa ratiba, mgeni rasmi akashika kamba, akavuta, na kitambaa kikaanguka.

Mgeni rasmi, kama walivyo wageni rasmi, akakisoma kwa sauti: "Chumba Namba Saba. Presha, sindano, vidonda, dawa."

Mabruki aliinuka na ratiba mkononi, akaketi tena. Aseme nini, na mbele ya nani? Sheha Ngwali, anayependa kupiga makofi, akayaanza, na wote wakamfuata.

Bi Shamima akachukua kipaza sauti kabla hakijapata mwenyewe. "Karibuni nyote! Leo hapana orodha. Kila aliyekuja anapimwa presha, ndani, mmoja mmoja, mlango umefungwa. Wajawazito na wazee watangulie. Msaada wenyewe ndio huu."

Wengine walinung'unika kwamba presha hailiwi, lakini nauli ilishatoka, wakapanga foleni. Alipima mpaka alasiri. Bi Time alipatikana na mia na tisini, presha ya kweli, hata Bi Shamima akapima mara ya pili kwa kutoamini. Akapewa vidonge kwenye bahasha ya kaki, akaambiwa arudi mwezi ujao na kila mwezi. Kisha akaingia Mwanawema. Alikuwa wa kwanza kukaa kwenye chumba cha mazungumzo na mlango wake unaofunga, na alipokaa alilia kwa sauti yake yote, kilio cha siku tatu, na hapakuwa na mtu wa donda wa kumtazama. Bi Shamima alimtilia vidonge vya miezi mitatu ndani ya bahasha ile ile ya kaki.

Dirishani alimsikia Bi Time: "Wamekupa nini, shoga?"

"Vya presha."

"Hata miye! Yarabi, kumbe sote wagonjwa, na miye nakununia bure." Wakaenda garini wameshikana mikono.

Jioni Bi Shamima alihesabu mafaili. Waliokuja wenyewe au waliotuma mtu walikuwa sitini na wawili. Faili lililobaki lilikuwa la Ishak, kijana wa Fundo. Ishak aliposikia jina lake linasomwa hakungoja kujua kama ni mchele au ni nini. Alipanda boti asubuhi yake, na simu yake tangu siku hiyo haipatikani. Bi Shamima alilishika faili lile muda mrefu. Vidonge alivyoondoka navyo vilikuwa vya wiki moja.

Siku ya pili ikaja barua ya Mabruki: bango lirejeshwe mahali pake kabla ya Ijumaa, ama sivyo mhusika atachukuliwa hatua za kinidhamu. Kalamu ya buluu, muhuri umekaa sawasawa. Neno juu ya Ishak halikuwamo.

Bi Shamima hakupiga kelele. Alichukua karatasi yenye nembo ya hospitali, akaketi, akaandika kwa mkono wake, akatia saini yake kama mkuu wa kitengo. Akamwita Mjaka, akampa aifikishe, akamwelekeza mtaa.

Alhamisi, kabla hata hajafungua madirisha, Mabruki aliingia mbio. Mfukoni hamna kalamu.

"Bi Shamima! Umempelekea barua sheha wangu!"

"Naam."

"Kaisoma barazani! Jana magharibi, watu wametoka kusali, kaisoma mbele yao wote! 'Mjulishe mwananchi wako Mabruki afike Kitengo Maalumu kwa uhamisho wa faili lake!' Mke wangu kaniuliza mpaka alfajiri kitengo hicho cha nini. Kaka yake kanipigia simu kutoka Wete!"

"Si ungemwambia ni cha nini."

"Nimwambie?" Akatazama nyuma, barabarani, kwenye kituo cha gari, ambako muuza machungwa alikuwa anawatazama. "Unajua watu watanifikiriaje?"

Bi Shamima alimtazama. Alikuwa na maneno mengi ya kumwambia, ameyaweka tangu Jumamosi, na la kwanza lilikuwa jina la Ishak. Badala yake alimfungulia chumba cha mazungumzo, akamvutia kiti, akaufunga mlango, kama anavyomfungia kila mtu.

"Kaa, Bwana Mabruki. Ya humu hayatoki. Na barua nimeiandika kwa uangalifu. Ugonjwa sikuutaja."

Mabruki akaketi. Habari ya bango hakuisema tena.